Tumbili wa bustanini wanaharisha, wanapona, wanaharisha tena. Tuchunguze nini zaidi ya minyoo?

#1 Mhudumu_Mufindi

Kamwene wakuu.

Mimi nimesomea afya ya mifugo, ng'ombe na kuku ndiyo uwanja wangu, ila riziki imenipeleka kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi huku Mufindi. Kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kipo na hakijaisha, nasema mapema kabla hamjaanza.

Tuna tumbili kumi na mmoja kwenye banda moja kubwa. Wanne wanasumbuliwa na tumbo tangu mwaka jana. Siyo ule mharo wa kumwaga maji leo na kufa kesho. Ni kinyesi cha uji, siku nyingine kina makamasi, damu mara chache sana. Wanakula, wanacheza, wanagombana kama kawaida, halafu ukimwangalia kwa nyuma unakuta manyoya ya chini ya mkia yameganda. Jike mmoja ndiye ananinyima raha: sahani haimpiti, lakini nyonga zimechomoza na uti wa mgongo unauhesabu kwa macho.

Walionitangulia waliwapa albendazole ya minyoo, wakawapa na metronidazole (ya amiba na bakteria) sijui mara ngapi. Ikishaingia metro, wiki moja mbili kinyesi kinajikaza, bosi anafurahi, kisha hali inarudi vile vile. Kipimo cha choo kilifanyika mara moja tu, majibu yakaja "hakuna minyoo". Sasa bosi anataka tupande kwenye sindano za antibaotiki kali zaidi.

Chakula: ndizi mbivu asubuhi, mchana mabaki ya hoteli (mkate, chapati, wali, ugali), matunda ya msimu, yai la kuchemsha mara moja moja. Na wageni huwarushia wanachokuja nacho. Sakafu ni saruji, inapigwa maji kila siku. Maji ya kunywa ni ya tanki. Baridi ya Juni na Julai ya huku mnaijua.

Sitafuti jina la dawa. Nataka kujua mtu anayechunguza ugonjwa wa namna hii kwa tumbili anaanzia wapi na anafuata nini. Natanguliza shukrani.

#2 MzeeWaPoroto

Mkuu mbona unatuzungusha. Majani ya mpera, chemsha, chumvi kidogo, wanywe. Bibi yetu huku Mbeya katulea na hiyo na matumbo yetu ni ya chuma. Ila kwa tumbili kumi na mmoja tafuta kwanza mtu wa kuwashika.

#3 Mama_Wawili

Samahani wataalamu, naingilia. Wanangu Pasaka walikwenda kwenye bustani ya wanyama, wakawa wanawapa tumbili biskuti mkono kwa mkono. Kuna la kuogopa hapo?

#4 DaktariNyika

Mama Wawili, la kuogopa lipo, na linakwenda pande zote mbili. Shigela, bakteria wa kuhara damu, kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa binadamu. Tumbili wa kizimbani anaupata kwetu, kisha anaturudishia. Kampailobakta na Salmonela, bakteria wengine wa kuharisha, nazo zinavuka hivyo hivyo. Mtoto akishagusa tumbili au nyavu ya banda, maji na sabuni kabla hajagusa mdomo wake. Kama tangu Pasaka hawajaharisha, hiyo ilishapita.

Sasa mtoa mada. Kabla ya tumbo, ondoa kifua kikuu. Tumbili anayekonda huku anakula, TB ndiyo ya kwanza kutolewa kwenye orodha, na aliyemletea mara nyingi ni mtu. Mnyama analazwa kwa dawa, tuberkulini kidogo inachomwa ndani ya ngozi ya kope la juu, halafu unasoma kope baada ya saa 24, 48 na 72. Kope limechaguliwa kwa sababu unalisoma kwa macho kutoka nje ya banda, huhitaji kumkamata tena. Wahudumu wote wanaoingia mle ndani nao wakapime hospitali. Hili halina mjadala.

Ukishalivuka, nunua daftari. Sitanii. Kwa sasa unajua "wanne wanaharisha", lakini hujui nani, siku gani, baada ya nini. Mpe kila tumbili jina, mpime uzito mara kwa mara, andika hali ya kinyesi kila asubuhi. Hospitali wana kipimo kilichotoka Bristol, Uingereza, kikachapishwa mwaka 1997, kinagawa choo kwenye mafungu 7: la 1 ni vigololi vikavu, la 7 ni maji matupu. Kitumie hicho hicho, ili "uji" wako na "uji" wa mlinzi wa zamu viwe kitu kimoja.

Wengi wanakwama hapa: wanatafuta mdudu mmoja wa kumfunga. Vituo vya utafiti vya Marekani vinavyofuga kima wa rhesus vimehangaika na ugonjwa huu miaka mingi. Mnyama anaharisha miezi na miezi, anapimwa kila kitu, hakuna kinachopatikana cha kueleza hali hiyo. Akipasuliwa, utumbo mpana umevimba na ukuta wake umejaa chembe za kinga. Wanauita kuharisha sugu kusikojulikana chanzo, na jina hilo unaruhusiwa kulitumia baada ya kuondoa kila kinachojulikana, siyo kabla. Kampailobakta waliipata kwa wagonjwa, wakaipata pia kwa wazima wa banda lile lile. Sasa mdudu aliyeko kwa wote utamhukumu kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo sampuli chukua za wagonjwa na za wazima, siku hiyo hiyo. Usipopima wazima, majibu ya wagonjwa hayana maana.

Na hiyo metro simamisha kwanza. Haiui wabaya peke yao, inafagia na bakteria wanaofanya kazi ya utumbo. Kule kujikaza kwa wiki mbili hakuthibitishi kwamba kulikuwa na amiba.

Kioja kimoja cha kuwachangamsha: mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyofanyika kituo cha California. Rhesus wadogo 5 wenye ugonjwa huu walinyweshwa mayai ya minyoo mjeledi ya binadamu. Wanne kati ya hao 5 wakapata nafuu, kinyesi kikajikaza na uzito ukapanda. Wazo lao lilikuwa kwamba mnyoo unaiamsha kinga nyingine, utumbo unatengeneza makamasi ya kutosha, na mpangilio wa bakteria wanaogandamana na ukuta unabadilika. Mhudumu, usijaribu Mufindi.

#5 MzeeWaPoroto

Nimekaa hapa nimesoma kwa macho yangu kwamba minyoo ni dawa. Ngoja nikalale.

#6 BintiRungwe_Maabara

Ndaga fijo daktari. Mimi niko maabara ya hospitali, Mbeya, choo ndiyo ofisi yangu, naomba niongeze upande huo.

Kaka Mhudumu, lile karatasi la "hakuna minyoo" lisikusumbue wala lisikufariji. Sampuli moja haitoshi. Mayai na vimelea havitoki kila siku kwa kiwango kile kile, kwa hiyo chukua tatu, siku tofauti. Na muulize aliyepima alitumia njia gani. Kuangalia tone moja kwenye maji ya chumvi ni tofauti na kuelesha mayai kwenye chumvi iliyokolea. Mabuu ya Strongiloidesi, mnyoo mdogo wa utumbo, hayaelei vizuri, yanatafutwa kwa maji ya uvuguvugu kwenye faneli, yanashuka chini yenyewe. Kuna aina ya kwenye nyani na tumbili inayotoa mayai badala ya mabuu, kwa hiyo ukitafuta kimoja tu utapitwa.

Amiba ndiyo inayowachanganya watu. Ile inayotembea hufa haraka nje ya mwili, nusu saa ikipita unaangalia maiti. Ukileta choo cha asubuhi saa nane mchana kwenye kopo lililokaa juani, nikikuandikia "hakuna amiba" nimekuandikia hali ya jua. Na hata tukiona vifuko vyake, *Entamoeba histolytica* yenye madhara na *Entamoeba dispar* isiyo na madhara kwa hadubini ni pacha, huwezi kuwatenganisha. *Entamoeba coli* ndiyo tunaitambua, ina viini vingi zaidi, na hiyo ni mpangaji tu, haimdhuru mtu. Balantidiamu, kimelea kingine, ni jitu kubwa lenye vinyweleo, linaogelea, hata kwa lenzi ndogo unaliona, na lenyewe linaweza kukaa ndani ya tumbili mzima bila ugomvi.

Kampailobakta usitegemee sahani ya kawaida ya kuoteshea. Inataka hewa yenye oksijeni kidogo na joto la nyuzi 42, na siyo kila maabara wana vifaa hivyo. Piga simu kwanza uulize, hasa maabara ya veterinari pale Iringa, kabla hujabeba kopo kwenye Coaster.

Glavu mbili, barakoa, na usichukue sampuli mnyama akiwa kwenye dawa.

#7 Mhudumu_Mufindi

Dada BintiRungwe, hapo kwenye sampuli nina swali la kipuuzi. Tumbili kumi na mmoja, banda moja, asubuhi nakuta vinyesi kumi na kitu sakafuni. Nitajuaje cha nani?

#8 BintiRungwe_Maabara

Daktari ajibu hilo, mimi wateja wangu wanakuja na kopo lenye jina 😂

#9 DaktariNyika

Rangi ya keki. Ile ya chupa ndogo inayouzwa madukani. Unampa mmoja kipande cha ndizi chenye rangi ya kijani, mwingine bluu, kwa mkono wako, uhakikishe amemeza mwenyewe. Kesho yake rangi inatoka. Kwa wasiokubali kukaribia, chenga za mahindi yasiyokobolewa zinapita nzima na unazitambua. Kinyesi cha kwanza cha alfajiri ndicho bora, wanakitoa wakiamka kabla ya kushuka, kwa hiyo tandaza nailoni chini ya magogo wanayolalia jioni, ukaikague asubuhi mapema.

#10 Mnyalukolo_Halisi

Nasoma kimya kimya ila hili la ndizi limenigusa, maana naona tunakoelekea. Mtakuja kusema ndizi na chapati ndiyo sababu. Kuna tumbili huku Iringa wanaishi kwenye jalala la nyumba za wageni, wanakula maandazi, chipsi, mahindi ya watu, maganda ya kila kitu, na wana afya kuliko mimi. Wa bustanini wana nini cha ziada?

#11 DaktariNyika

Mnyalukolo, hoja yako ina uzito na nitaijibu bila kuikwepa.

Kwanza wale unaowaona ni waliobaki. Tumbili wa nje akianza kukonda, chui, tai au mbwa wa kijiji anamaliza hesabu, na wewe hupati kumwona. Wa kizimbani anaendelea kuishi na ugonjwa wake kwa sababu sahani inamfuata. La pili, huyo wa jalala baada ya andazi anapanda kwenye mgunga, anabandua utomvu, anakula maua, maganda, mbegu za mkuyu, panzi, majani machanga. Andazi kwake ni nyongeza juu ya shibe ya msitu. Kwa wa bustani, andazi ndiyo shibe yenyewe.

Na matunda ya dukani siyo matunda ya porini. Ndizi zetu zimechaguliwa vizazi kwa vizazi ziwe tamu na laini kwa ajili ya mdomo wa mtu, sukari juu, nyuzinyuzi chini. Bustani ya Paignton kule kusini-magharibi mwa Uingereza ilitangaza mwaka 2014 kwamba imewaondolea kima wake ndizi kwa sababu hiyo.

Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ya kulinganisha bakteria wa tumboni kwa kima aina ya douc wa Asia na wale kima wapiga kelele (howler) wa Amerika: walioko msituni, na walioko bustanini. Wa bustani walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya bakteria wa asili, na waliobaki walifanana na wa matumbo ya binadamu wa mjini. Nyuzinyuzi chache kwenye chakula ndiyo sababu kubwa iliyotajwa.

#12 Tukuyu_MvuaYote

Naunga mkono kwa upande wa mbega. Nimezunguka sana msitu wa Rungwe na watafiti, mzigo mgongoni, hivyo naongea nilichosikia kwao na nilichoona. Mbega tumbo lake lina vyumba, linachachusha majani taratibu kama la ng'ombe. Ukimpa ndizi mbivu nyingi unamtengenezea gesi na asidi, anavimba, anakufa ukiwa unashangaa. Kuna watu huku waliwahi kuokota mtoto wa mbega wakamlea kwa ndizi na maziwa. Hakuvuka wiki.

Na mkisikia kipunji, yule kima wa Rungwe na Livingstone aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, akapewa jenasi yake mwenyewe 2006, tafadhali mtu asije akawaza kumfuga. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilisema wako kama 1,100 tu duniani kote, huku kwetu na msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Nimetoka nje ya mada, endeleeni.

#13 Mhudumu_Mufindi

Wakuu nimerudi na daftari.

Rangi ya keki imefanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Asubuhi ya kwanza nimefika na tochi, ukungu mzito, nailoni imejaa umande, na katikati kuna bonge la kijani kibichi kama rangi ya basi. Hilo ni la dume mkubwa, ndiye niliyempa rangi ya kijani. La bluu, ambalo ni la jike mkondefu, lilikuwa limesambaa kama uji uliomwagika, lina utelezi wa makamasi, na ndani yake vipande vya chapati havijasagika vizuri. Nimepiga picha lakini nawaonea huruma, siziweki.

TB: wote hasi, kope zilikaa sawa siku zote tatu. Wahudumu tumepima, tuko salama.

Choo, sampuli tatu tatu, wagonjwa wanne na wazima wanne: *Entamoeba coli* karibu kwa wote. Mayai ya minyoo mjeledi machache kwa watatu, na mmoja wa hao watatu ni dume mkubwa mwenye kinyesi kizuri kuliko wote. Mabuu hakuna. Shigela na Salmonela hazikuota. Kampailobakta ilipatikana kwa mgonjwa mmoja na kwa mzima mmoja. Damu ya jike mkondefu: albumini (protini ya damu) iko chini, upungufu wa damu kidogo.

Lakini kilichonifungua macho ni daftari, siyo maabara. Watatu kati ya wale wanne kinyesi kinaharibika Jumatatu na Jumanne, kufikia Alhamisi kinajikaza chenyewe bila dawa. Nikarudi kwenye kumbukumbu za zamani za dawa: metro ilikuwa inaanzishwa Jumanne au Jumatano, mwanzoni mwa wiki bosi akishaona hali. Yaani wangepona hata kwa maji ya bomba.

Jike wa nne hafuati ratiba. Yeye ni mbaya siku zote. Nikakaa nje ya banda wakati wa kula nimwangalie yeye tu. Ni wa mwisho kabisa kwa cheo. Ndizi zikitua, wakubwa wanajaza mashavu na kuondoka. Yeye anafika wakati kimebaki mkate na chapati. Mayai hajawahi kuyagusa mbele yangu. Kwa hiyo "sahani haimpiti" niliyoandika juu ni kweli, ila ni sahani ya ngano tupu.

#14 Mnyalukolo_Halisi

Jumatatu na Jumanne... wageni wa wikiendi. Haya, nimenyoosha mikono, angalau nusu.

#15 DaktariNyika

Hii sasa ndiyo kazi. Vimelea ulivyovipata viko kwa wazima na wagonjwa, kwa hiyo siyo maelezo ya nani anaumwa. Kalenda inaeleza watatu. Sahani inaweza kueleza wa nne, lakini "inaweza" bado siyo "inaeleza".

Kuhusu ngano: kituo cha Tulane, Louisiana, mwaka 2008 walichapisha habari za rhesus waliokuwa wanaharisha na kukonda kwa sababu ya gluteni, ile protini ya ngano na shayiri. Walipoiondoa kwenye chakula, dalili zikatulia na kingamwili zikashuka. Walipoirudisha, vyote vikapanda. Nguvu ya ushahidi wao iko kwenye kule kurudisha. Marmoseti, kima wadogo wa Amerika ya Kusini, nao wana ugonjwa wao wa kukondeana na kuharisha wakiwa kizimbani, na kwa baadhi yao kuondoa gluteni kumesaidia.

Hivyo fanya hivi, na bosi akukubalie. Ondoa ngano peke yake kwanza. Mkate, chapati, maandazi, biskuti, na pumba za ngano kama zipo. Usibadilishe kingine chochote kwa wiki kadhaa, hata kama mkono unawasha. Ukibadilisha vitano kwa mpigo wakapona, hutajua ni kipi, na mwakani mtu mwingine atavirudisha vyote vitano. Wageni wazuiwe kulisha, hilo nalo ni sehemu ya kuondoa ngano.

Baada ya hapo ndipo upunguze ndizi, kidogo kidogo, na kuingiza majani: matembele, majani ya maboga, mchicha, matawi mabichi ya mgunga. Utumbo uliozoea sukari ukiupa majani debe zima kwa siku moja utaharisha tena na utalaumu majani. Na usisahau vitamini C. Tumbili hawatengenezi ya kwao, kama sisi. Mapera yana nyingi kuliko machungwa, na sukari yake siyo ya ndizi mbivu.

#16 Makete_Baridi

Vipi kuhusu baridi? Huku kwetu mbuzi wakipigwa na ukungu wa Julai wanaharisha, sembuse tumbili wa joto. Na mtoa mada anaosha saruji kwa maji kila siku, wanakaa kwenye unyevu.

Halafu parachichi. Njombe na Rungwe zile zisizofaa kusafirishwa zinatupwa bure, si angewapa?

#17 DaktariNyika

Parachichi hapana. Mafuta mengi kwenye utumbo uliochoka, na lina kitu kinachodhuru ndege na mbuzi, sioni sababu ya kulijaribisha kwa mgonjwa.

Baridi ni swali la maana. Kuna tamarini wa Kolombia, kima mdogo, mwenye kishungi cheupe kichwani. Kizimbani hupata uvimbe sugu wa utumbo mpana, na wengi wao baadaye saratani ya hapo hapo. Baridi na msongo wa kufungwa ni miongoni mwa vilivyoshukiwa. Tumbili wetu siyo tamarini, lakini mnyama anayetumia chakula chake kupata joto hana cha kurekebishia ukuta wa utumbo. Masanduku ya kulalia yenye nyasi kavu, yameinuliwa, mlango umetazama upande usio na upepo. Sakafu ikauke kabla ya jioni, saruji ifagiliwe kavu siku zinazowezekana. Jikoni na stoo zibaki bila mende. Marmoseti hupata mnyoo unaokaa kwenye mirija ya kongosho, na unaletwa na mende wanaoliwa na marmoseti hao. Sisemi tumbili wako anao, nasema mende hana kazi bandani.

#18 Mhudumu_Mufindi

Mrejesho, maana sipendi nyuzi zinazoachwa hewani.

Ngano imetoka. Bosi alikuwa mgumu, akasema wageni wanalipa kiingilio ili walishe. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha Jumatatu zilivyopangana, kisha nikamwekea na risiti za dawa za mwaka mzima pembeni. Alizisoma risiti muda mrefu kuliko daftari. Sasa kuna kamba mita mbili kutoka kwenye nyavu, na kijana wa geti anakagua mifuko. Kuna mgeni mmoja alitoa mkate kwenye soksi, sijui watu wanawaza nini.

Wale watatu wa Jumatatu wametulia. Bado siku moja moja kinyesi kinalegea, lakini ule mpangilio wa wiki umepotea kwenye karatasi.

Jike mkondefu ameenda nusu njia. Kinyesi kimetoka fungu la 6 na 7 kuja la 5, siku nyingine la 4. Uzito unapanda taratibu mno. Nikamrudishia kipande kidogo cha chapati siku tatu mfululizo kama Tulane, kwa ruhusa ya daktari wa wanyamapori aliyekuja kuwaangalia. Siku ya tatu, makamasi. Nikasimamisha. Baada ya wiki tukaelewana tena. Siwezi kusema nimethibitisha kitu kwa mnyama mmoja, lakini chapati haingii tena mle ndani nikiwa hai.

Kilichobaki kwake nadhani ni cheo. Hata majani mazuri anayapata mwishoni. Namtenga wakati wa kula tu, au nimtoe kabisa?

#19 DaktariNyika

Usimtoe kabisa. Tumbili wa peke yake anaumwa kwa upweke, na ukimrudisha baada ya miezi atapigwa kama mgeni. Tengeneza kijichumba kilichoungana na banda, nyavu katikati ili waonane na kushikana mikono, mwingize na rafiki yake mmoja wakati wa kula, nusu saa asubuhi na jioni, kisha fungua. Na chakula cha kundi kisambaze sehemu nyingi. Dume hawezi kulinda matawi kumi kwa wakati mmoja. Albumini irudie kupima. Kama ngano imetoka, anakula peke yake, na bado haipandi, hapo ndipo tunaongea habari ya kumlaza, kuingiza kamera kwenye utumbo mpana na kukata kipande kidogo cha nyama. Kwa hilo utaenda SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) Morogoro, siyo mtaani.

#20 Mama_Wawili

Sasa mtoto akija na hamu ya kulisha afanye nini? Wangu watalia getini.

#21 Mhudumu_Mufindi

Waje saa nne asubuhi, dada. Tunawapa matembele na matawi wanayafunga kwenye vikapu upande wa nje, kisha mimi naviingiza na wao wanaangalia tumbili wakivifumua. Mikono inanawa kabla na baada. Bosi ameligeuza kuwa kiingilio cha juu zaidi, bosi ni bosi.

Wakuu swali la mwisho: mizani. Hii yetu mnyama akitikisika namba zinaruka tu, na kwa jike huyu gramu mia ndiyo habari yenyewe. Wapi Iringa au Mbeya wanauza inayotulia?

#22 BintiRungwe_Maabara

Tafuta ile ya kidijitali ya kupimia watoto wachanga, ya kulaza, ina kitufe cha kushikilia namba mtoto akirusha miguu. Maduka ya vifaa vya hospitali wanayo. Weka juu yake sanduku lenye tunda ndani, bonyeza sifuri, mwache aingie mwenyewe. Ila usiwaambie dukani inakwenda kwa nani.